Stima ya Mashine Kuukuu

Kompyuta ya zamani ikikosa chaja, fundi wa Nyeri huanza na mashine, na mpenzi wa kompyuta kuukuu wa Uingereza huanza na karatasi. Katika vibanda vya mafundi vilivyo karibu na steji na soko, kuanzia Nyeri mjini hadi Karatina, Nanyuki na Embu, chaja zimening'inizwa kwenye misumari, nyingi zikiwa hazina boksi wala jina. Mteja akifika na maelezo matupu, huulizwa: "Mwalimu, mashine yenyewe umekuja nayo?" Fundi anataka kuigeuza, asome kibandiko cha chini, ajaribu kichwa cha chaja kwenye tundu, kisha aangalie kama taa inawaka. Mwenzake wa Uingereza, mwenye mashine ya miaka ya 1980 mezani, hutafuta kwanza mchoro wa saketi, kisha hupima volti za chaja kwa multimita. Kuchomeka huja mwisho kabisa.

Mtu anaweza kudhani mmoja ni mzembe na mwingine ni mwoga. Ukizifungua mashine zenyewe utaona kila mmoja ana sababu. ZX Spectrum ya mwaka 1982 hutumia volti 9, lakini nguzo hasi iko katikati ya kichwa na chanya iko nje, kinyume cha vifaa vingi vya leo. Chaja ya kifaa kingine yenye volti hizohizo, na kichwa kinachoingia barabara, inaweza kuiua. Commodore 64, ya mwaka huohuo, ina hatari iliyojificha zaidi. Kisanduku chake cha umeme hutoa volti 5 za DC na volti 9 za AC, na aina yake inayojulikana zaidi imejazwa gundi iliyoganda hata haifunguki kwa ukarabati. Kidhibiti volti kilichomo ndani kikichoka, zile volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Kwa hiyo wapenzi wengi wa mashine hii huiogopa chaja yake ya asili kuliko ya kigeni. Huiweka kabatini kwa heshima, wakatumia mpya iliyoundwa kwa kazi hiyo.

Leptop zinazozunguka miji ya Mlima Kenya ni za kizazi kingine. Nyingi zilishatumika ng'ambo kabla ya kufika, na wauzaji huziita eksi-UK. Chaja zake karibu zote hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wa Kenya wa volti 240 hauzisumbui. Ugumu uko upande wa pili wa waya. ThinkPad za zamani za IBM zilitaka volti 16. Zile za kuanzia mwaka 2006 zikahamia volti 20 na kichwa kinene. HP nyingi zilitaka 18.5, baadhi ya Toshiba 15, na iBook ya Apple 24. Fundi aliyeanza kazi akiwa kijana anazijua tofauti hizi kichwani, na anajua kanuni inayozitawala: volti lazima zilingane, ampea za chaja zilingane na zinazotakiwa au zizidi.

Dell ndiyo humtoa jasho. Katikati ya kichwa chake kuna pini nyembamba inayobeba ujumbe badala ya umeme wa kuendesha mashine: chipu ndani ya chaja huieleza leptop idadi ya wati zinazokuja. Waya wa pini hiyo, mwembamba kama unywele, hukatika mara nyingi pale kebo inapojipinda karibu na kichwa. Leptop itawaka, lakini haitachaji betri, na itapunguza mwendo wake ikidhani imeunganishwa na chaja isiyofaa. Mteja huamini mashine imezeeka. Fundi mzuri hukata kebo, hulehemu nyaya zote tatu kwenye kichwa kilichotolewa katika chaja nyingine iliyokufa, na mwendo hurudi. Binafsi naona ustadi huu unastahili sifa ileile anayopewa mtu wa Cambridge anayefufua Spectrum.

Hata hivyo, mafundi hawa wawili hawaokoi kitu kimoja. Uingereza ina Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta huko Bletchley Park na Kituo cha Historia ya Kompyuta huko Cambridge, na mazingira hayo yamewafundisha watu kuwa mashine ni ushahidi. Kukata kebo ya asili ni kuharibu ushahidi. Nyeri kinachookolewa ni kazi ya mashine. Betri ya leptop iliyotimiza miaka 12 kwa kawaida imekwisha, hivyo chaja ndiyo chanzo pekee cha umeme. Mwisho wa Juni, watu wanapowasilisha ritani za kodi kwenye iTax kabla ya tarehe 30, saiba iliyopoteza chaja imepoteza wateja wake kwa wiki nzima. Hapo kebo hukatwa bila majuto.

Tofauti hiyo inaonekana hata mashine inapoingia mtandaoni. Mmiliki wa Commodore 64 huiunganisha na modemu ndogo ya Wi-Fi, ambayo huiigiza modemu ya simu ya zamani, akazungumza na mbao za ujumbe zilizoundwa kwa mtindo wa miaka ya 1980. Mtandao wake unaishukia mashine hadi kiwango chake. Leptop ya Nyeri haina nafasi ya kungojewa: Windows XP iliachwa bila msaada Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na tovuti salama huzidi kuzikataa programu za enzi hizo. Stima ikipatikana, fundi bado ana kazi ya kuweka mfumo mpya zaidi, au Linux, kabla tovuti ya huduma za serikali, eCitizen, haijafunguka.

Japani inasimama mahali pengine. Akihabara, Tokyo, vibanda vidogo vilivyobanwa chini ya reli vilirithi biashara ya vipuri vya redio iliyochipuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Huko kibanda kimoja huweza kuuza viunganishi tu, kingine transfoma tu. Nyeri fundi mmoja hubeba maarifa yote hayo, na asichokuwa nacho huagizwa Luthuli Avenue, Nairobi, kikapanda matatu kama kifurushi na kufika jioni. Lakini Wajapani walikutana na sheria kabla yetu. Mwaka 2006 kipindi cha mpito cha sheria ya usalama wa vifaa vya umeme kilipokwisha, vifaa vikuukuu visivyo na alama ya usalama ya PSE vilikaribia kuzuiwa kuuzwa madukani. Wauzaji wa mitumba walilalamika, wanamuziki wakiwamo Ryuichi Sakamoto wakapinga, na serikali ikalegeza.

Kuna urithi mmoja unaoirahisishia Nyeri mambo. Plagi ya miguu mitatu ya mstatili, iliyowekwa katika kiwango cha Uingereza mwaka 1947, ndiyo ya Kenya pia, hivyo chaja ya eksi-UK huingia ukutani moja kwa moja. Chaja ya leptop kutoka Japani huhitaji kubadilishiwa kebo ya ukutani tu. Chaja ya transfoma ya enzi za Famicom, mashine ya michezo ya Japani, iliyotengenezwa kwa volti 100, ingeungua Nyeri papo hapo.

Sasa Umoja wa Ulaya umeamua kichwa kiwe kimoja: USB-C kwa simu tangu 28 Desemba 2024, na kwa leptop kuanzia 28 Aprili 2026. Tayari kuna kebo ndogo zinazoomba volti 20 kutoka chaja ya USB-C na kuzipeleka kwenye kichwa cha ThinkPad ya baada ya 2006. Zinawafaa mkusanyaji na mwenye saiba kwa usawa. Viwango vya kawaida vya chaja hizo ni 5, 9, 15 na 20, kwa hiyo ThinkPad ya volti 16 na iBook ya 24 zimebaki nje. Sheria hiyo inahusu mashine mpya, nazo hufika sokoni kwetu baada ya kutumikishwa kwingine kwa miaka. Hadi hapo, chaja iliyokufa isitupwe: kichwa chake na ule waya wa tatu bado vina mteja Karatina.