Samaki wa Tanganyika katika nyumba za kioo

Sisi wa Uvira, Fizi na Kalemie tunalijua ziwa letu kwa ndagala na mikeke. Lakini kuna samaki wengine wadogo wanaoishi kwenye mawe, ambao watu wa Ulaya na Marekani huwafuga nyumbani, ndani ya masanduku ya kioo, kwa uzuri wao tu.

Mmoja wao aliitwa Tropheus moorii mwaka wa 1898. Jina hilo lilitolewa na Boulenger, mtaalamu wa samaki huko London, kwa heshima ya Mwingereza Moore aliyekusanya viumbe vya ziwa. Mwaka wa 1959, Mbelgiji Marlier, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Uvira, alimtaja ndugu yake, Tropheus duboisi: mtoto wake ni mweusi mwenye madoa meupe. Katika miaka ya 1970, Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, alikuwa akiwatuma ng'ambo kwa ndege kutoka Bujumbura.

Huko ng'ambo, wafugaji walipata hasara. Samaki hao walivimba tumbo wakafa. Kwa nini? Tropheus hula mwani, yaani ukungu wa kijani unaoota juu ya mawe. Utumbo wake ni mrefu, umezoea majani. Akilishwa nyama na vyakula vizito, anaugua. Tena maji ya Tanganyika yana madini mengi, pH yake inakaribia 9, na joto lake ni digrii 25 hivi. Maji laini ya mvua hayamfai.

Basi wafugaji walijifunza: dawa peke yake haitoshi. Waliweka mawe, wakarekebisha maji, wakatoa chakula cha majani.

Sisi tuliokimbia makwetu hatuhitaji kuelezwa sana. Anayehamishwa huishi vizuri zaidi akikuta kitu cha kwao.

Kama mtoto wako anafuga samaki nyumbani, mpe chakula kidogo, kinachokwisha kwa dakika chache. Kila juma badilisha sehemu ya maji, si yote, kwa sababu uchafu wa samaki hugeuka sumu. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaache wazi kwanza siku nzima. Na kabla ya yote uliza: samaki huyu katoka maji gani, na kwao alikula nini?