Mikono ya Madaktari wa Vienna

Maambukizi ya hospitalini, yaani maradhi ambayo mgonjwa hakuingia nayo bali aliyapata akiwa mikononi mwa waganga wake, yalidhihirika waziwazi katika Hospitali Kuu ya Vienna, ambako katikati ya karne ya 19 wanawake wengi walikufa kwa homa ya uzazi, ugonjwa unaotokea vijidudu vinapoingia katika mji wa mimba wakati wa kujifungua. Hospitali hiyo ilikuwa na kliniki mbili za uzazi zilizopokezana wajawazito kwa zamu za siku, ya kwanza ikifundisha madaktari na ya pili wakunga. Mwaka 1846 ya kwanza ilipoteza wanawake 459 katika uzazi 4,010, ilhali ya pili ilipoteza 105 katika uzazi 3,754, na kwa kuwa habari hizo zilijulikana mjini, wako waliopiga magoti wakisihi wasipelekwe kwa madaktari.

Ignaz Semmelweis, Mhungaria aliyekuwa daktari msaidizi katika kliniki ya kwanza, alijaribu kwanza kufuata kila tofauti aliyoiona: akawalaza wajawazito ubavu kama walivyofanya wakunga, hata akamwomba padri aliyewapelekea wanaokufa sakramenti asipige kengele yake wodini. Hakuna kilichobadilika. Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alikufa baada ya kuchomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, na uchunguzi wa mwili wake ukaonyesha madhara yaleyale yaliyoonekana kwa waliokufa kwa homa ya uzazi. Hapo ndipo ilipobainika kwamba upasuaji wa maiti, fahari ya elimu ya tiba ya Vienna ambayo wakunga hawakuifanya, ndio uliokuwa ukiua, kwa sababu wanafunzi walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wajawazito, mikono yao, ingawa imeoshwa kwa sabuni, ikinuka bado.

Kutoka katikati ya Mei kila aliyeingia wodini alitakiwa kunawa kwa maji yenye klorini, dawa iliyochaguliwa kwa kuwa iliondoa harufu hiyo, maana nadharia ya vijidudu ilikuwa haijathibitishwa. Vifo vilivyofikia asilimia 18.3 mwezi Aprili vilishuka hadi 2.2 mwezi Juni. Oktoba, hata hivyo, mgonjwa mwenye saratani ya mji wa mimba iliyokuwa ikitoa usaha alipopimwa kabla ya wengine, wanawake 11 kati ya 12 walikufa, na kuanzia hapo kunawa kukawa lazima baina ya mgonjwa na mgonjwa.

Lawama za kukataliwa kwa fundisho hilo hutupiwa kiburi cha wakubwa wake, ambao kweli hawakumwongezea mkataba mwaka 1849. Lakini Semmelweis mwenyewe alikawia kuandika, kitabu chake kikiwa na tarehe ya 1861. Wakati huo alikuwa profesa mjini Pest, ambako homa iliporudi katika kliniki yake hakuishia kwenye mikono, bali aligombana na uongozi juu ya shuka zilizorudishwa vitandani zikiwa bado na uchafu wa waliozilalia kabla.