Lango la Tixall: Nyumba Mbili Zimekufa, Lango Bado Limesimama

Katika jimbo la Staffordshire, Uingereza, kuna lango lisilo na nyumba. Si lango la mbao wala chuma. Ni jengo zima la mawe la orofa tatu, lenye minara kwenye pembe zake nne na nguzo za mitindo mitatu ya kale: ya Doriki chini, ya Ioniki katikati, ya Korintho juu. Ukipita chini ya tao lake unatarajia kukuta jumba la kitajiri. Unakuta majani tu.

Lango hilo lilijengwa mnamo mwaka 1580 na Sir Walter Aston wa Tixall, mbele ya nyumba aliyoachiwa na baba yake. Nia yake haikuwa ya siri: mgeni ashtuke kabla hajafika mlangoni. Nyumba ile ilikwisha karne ya 18. Ukoo uliorithi ukajenga jumba jingine jirani. Nalo likabomolewa miaka ya 1920. Lango likazika nyumba zote mbili.

Sasa, majengo yaliyobaki magofu Uingereza yako mengi, na mimi si mpenzi sana wa mawe. Kinachonivuta Tixall ni karatasi. Kila jambo kubwa lililopita chini ya tao lile lilihusu karatasi: barua zilizosomwa na wasiotakiwa kuzisoma, na mashairi ambayo nusura yasisomwe na yeyote.

Tuanze na barua. Mwaka 1586 Mary, Malkia wa Uskoti, alikuwa na umri wa miaka 43, na 18 kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kifungoni Uingereza. Alikuwa akishikiliwa Chartley, si mbali na Tixall. Wafuasi wake walipata njia ya kumpelekea barua: zilifichwa ndani ya mapipa ya bia yaliyoingia na kutoka kwenye nyumba ile. Mary aliamini amepata mwanya. Kumbe mwanya wenyewe ulikuwa umetengenezwa na watu wa Sir Francis Walsingham, mkuu wa ujasusi wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kila barua ilifunguliwa, maandishi yake ya siri yakafumbuliwa na fundi aitwaye Thomas Phelippes, kisha ikafungwa vizuri na kuendelea na safari. Mwezi Julai Mary alimjibu kijana Anthony Babington, aliyemwandikia kuhusu mpango wa kumuua Elizabeth. Jibu hilo ndilo lililomponza.

Mimi ni mwandishi wa habari, na hii ndiyo sehemu inayonikosesha raha. Sina haja ya kumtetea Mary. Watu walikuwa wanapanga mauaji kweli. Lakini ninajua uzito wa mtu kukuandikia akiamini ni wewe tu utakayesoma. Tunaambiwa leo kwamba ujumbe wetu uko salama, na tunaandika kwa imani ileile ya pipa la bia.

Tarehe 11 Agosti 1586 Mary aliambiwa kuna mawindo kwenye msitu wa Aston. Akapanda farasi kwa furaha. Njiani akasimamishwa, makatibu wake wakatenganishwa naye, naye akapelekwa Tixall. Alikaa pale kama wiki mbili, na lango la Sir Walter, jipya kabisa wakati huo, likageuka lango la jela. Huko nyuma Chartley vyumba vyake vilikuwa vinapekuliwa na karatasi zake zinabebwa kwenda London.

Simulizi zinasema alipotolewa Tixall, maskini walikuwa wamekusanyika langoni kumwomba sadaka. Akawajibu huku akilia kwamba hana cha kuwapa, maana naye amenyang'anywa vyote na amekuwa ombaomba kama wao. Februari 1587 alikatwa kichwa.

Hapo wengi huishia. Mimi nadhani hadithi ya Tixall ndiyo inaanza.

Aston aliyejenga lango alikuwa Mprotestanti mwaminifu kwa Elizabeth. Ndiyo maana aliaminiwa kumweka mfungwa wa aina ile. Lakini mjukuu wake, Walter Aston mwingine, alitumwa kuwa balozi Hispania, na akawa Mkatoliki. Ndani ya vizazi viwili nyumba iliyomfungia malkia Mkatoliki ikawa yenyewe nyumba ya Wakatoliki, watu wanaotiliwa shaka na serikali. Watoto wake waliandikiana mashairi. Binti yake Constance alikuwa na daftari la kunakili tungo za ndugu na marafiki, na alimwandikia kaka yake Herbert aliyekuwa Hispania akimsihi amtumie nyingine. Dada yao Gertrude alitunga pia. Alipofiwa na mume akaenda kuwa mtawa Louvain.

Hawa hawakuandika ili wachapwe. Waliandika ili wajuane bado wako pamoja. Karatasi zao zilikaa kwenye kasha pale Tixall kwa zaidi ya karne, hadi Arthur Clifford, wa ukoo uliorithi, alipozitoa na kuchapisha kitabu cha mashairi ya Tixall mwaka 1813, kisha barua miaka miwili baadaye. Daftari la Constance leo liko kwenye maktaba ya Huntington, California.

Linganisha basi. Karatasi za Mary zilihifadhiwa na maadui zake, kwa sababu zilikuwa ushahidi. Za Constance na Gertrude zilihifadhiwa kwa bahati ya kasha kusahauliwa. Sauti nyingi za wanawake wa zamani zimetufikia kwa njia hizo mbili, mahakama au stoo, na ndiyo maana ni chache hivi.

Lango lenyewe lilibaki bila paa wala sakafu hadi shirika la Landmark Trust liliponunua gofu hilo mwaka 1968 na kulikarabati. Siku hizi unaweza kulipanga kwa likizo. Ukilala mle, ndani ya jengo lililokusudiwa watu wapite tu, ujue kuwa waliokaa nyuma yake wamo kwenye vitabu. Gertrude asomwe kwanza.