Nakala rudufu ya mipangilio ya seva

Nakala rudufu ya mipangilio ya seva ni nakala ya maelekezo yanayoiongoza seva ya programu: iunganishwe na hifadhidata ipi, nani aone nini. Wengi hunakili data na kuisahau mipangilio, kwa kuwa data ndiyo inayoonekana kuwa mali. Lakilaki, nje kidogo ya jiji la Arusha, inaonyesha udhaifu wa mtazamo huo. Huko hutunzwa kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa 1994 na kufungwa 31 Desemba 2015; jengo la taasisi iliyorithi kazi zake lilifunguliwa Novemba 2016. Humo mna maelezo ya mashahidi ambao mahakama iliamuru majina yao yafichwe. Kwa mkusanyo wa aina hii, seva ikirejeshwa na mafaili yote lakini bila kanuni za ruhusa, kila kitu kitakuwepo isipokuwa siri yenyewe, nayo hairudishwi na nakala yoyote.

Wapo wasemao mipangilio ni mistari michache tu, fundi mzuri ataiandika upya. Huenda, kama bado yupo kazini na anakumbuka mabadiliko ya miaka yote. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mipangilio hubeba nywila, hivyo kuinakili ni kuongeza hatari. Ni kweli. Ndiyo maana nakala hufichwa kwa msimbo, ufunguo ukawekwa mbali nayo, kisha urejeshaji ukajaribiwa kwenye seva ya pembeni: mjaribu huingia kwa akaunti isiyo na ruhusa na kuomba faili la siri. Likifunguka, nakala haifai.