Kiwanda Ukutani: Diego Rivera mjini Detroit

Diego Rivera alifika Detroit Aprili 1932, wakati jiji la magari limejaa watu waliofukuzwa kazi. Mwezi uliotangulia, tarehe 7 Machi, wasio na ajira waliandamana hadi kiwanda cha Ford cha River Rouge wakapigwa risasi. Wanne walikufa siku hiyo. Malipo ya Rivera, zaidi ya dola 20,000, yalitoka kwa Edsel Ford, mtoto wa Henry Ford. Mchoraji huyo wa Mexico, mkomunisti kwa imani, aliyakubali.

Ujanani aliishi Paris akichora kwa mtindo wa kubizimu, unaovunja umbo vipande na kukionyesha kitu kimoja kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Picha hizo ziliwafikia wachache. Baadaye alizuru Italia, akatazama kuta za makanisa zilizochorwa kwa ajili ya umma mzima, wenye kusoma na wasiosoma. Aliporudi kwao mwaka 1921, akaanza kupewa kuta za majengo ya serikali.

Detroit alianza kwa kushinda kiwandani akichora michoro ya awali. Kisha, katika jumba la sanaa la jiji, ukuta ukapigwa lipu kidogo kidogo, na rangi ikapakwa lipu ikiwa bado mbichi. Ukuta wa kaskazini unaonyesha injini ya V8 ikitengenezwa. Tanuri, mikanda na mashine zilizotawanyika katika eneo kubwa la kiwanda zimebanwa mahali pamoja, pande nyingi zikionekana kwa wakati mmoja. Kubizimu ile ile ya Paris! Lakini mfanyakazi wa River Rouge hakuhitaji mtu wa kumfafanulia: aliijua kila mashine na namna mgongo unavyopinda mbele yake. Wanaosema Rivera aliirahisisha sanaa mpya hawamtendei haki. Aliubakiza ugumu wake wote, akaujaza maisha ya watazamaji wenyewe.

Machi 1933 milango ilipofunguliwa, viongozi wa dini walikasirishwa na picha ya mtoto anayechanjwa, iliyofanana mno na Yesu mchanga zizini. Gazeti la Detroit News likataka kuta zipakwe chokaa. Watu wakamiminika kuziona, na Edsel Ford akasimama upande wa mchoraji. New York hakupata mtetezi wa namna hiyo: ukuta aliouchora Rockefeller Center, wenye sura ya Lenin, ulivunjwa Februari 1934. Sehemu zote 27 za Detroit zipo hadi leo.