Kuwaka na Kuzimika kwa Ratiba: Historia Fupi ya Saa na Vitenzi vyake, kwa Mfano wa Karagwe na Kyerwa

Miongoni mwa kazi anazopewa mfasiri wa vitabu vya maelekezo ya mitambo, ipo moja inayoonekana ndogo kuliko zote: kutafsiri sentensi inayoiamuru seva ijiwashe saa fulani na ijizime saa fulani. Seva tunayoizungumzia si ya idara kubwa. Ni kompyuta ndogo yenye diski mbili au zaidi, ambayo mwalimu, katibu wa chama cha msingi au familia huiweka nyumbani ili ihifadhi mitihani, hesabu za kahawa, picha na barua. Mwenye kulipia umeme kwa uniti, au kuupata kutokana na jua, hana sababu ya kuiacha seva ikeshe bila kazi. Hivyo huipangia ratiba.

Makala hii inakusudia kueleza historia ya mambo mawili yanayokutana katika sentensi hiyo, yaani hesabu ya saa na vitenzi vya kuwasha na kuzima. Tumechagua mfano wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, kwa kuwa huko matatizo yote ya istilahi hizi hujitokeza kwa pamoja. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii, na kwamba hasara hutokea pale tunapoyatumia ovyo.

Tuanze na saa. Mswahili huhesabu saa zake kuanzia mapambazuko na machweo. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na saa moja usiku ni saa ya kwanza ya usiku. Katika karne ya 19 hesabu hii ilisafiri na misafara ya biashara kutoka pwani kupitia Tabora hadi Karagwe, ambako wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na kituo Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika. Hesabu hiyo haikuishia hapo. Kiganda nacho kina neno ssaawa, na ssaawa bbiri za asubuhi ndizo saa mbili zetu.

Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwezi Novemba 1861, walikuja na saa za kupimia longitudo, zilizofuata hesabu nyingine, ile ya Ulaya inayoanzia usiku wa manane. Kwa hiyo tangu wakati huo hesabu mbili za saa zimekuwa zikikaa pamoja katika nchi hiyo. Maadamu kulikuwa na mkalimani katikati, jambo hilo halikuleta madhara makubwa, kwa kuwa binadamu akisikia "saa mbili" hutazama jua akaelewa. Mashine haitazami jua.

Tuchukue mfano. Mwenye seva anataka imhudumie kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku, yaani muda wa saa 14. Kitabu chake cha Kiswahili kinamwambia "andika saa ya kuwaka na saa ya kuzima", bila maelezo zaidi. Anaandika 2:00 na 4:00. Mashine inaelewa kwamba iwake saa nane usiku na izime saa kumi alfajiri. Seva itafanya kazi saa mbili tu, wenye nyumba wakiwa usingizini, na mchana kutwa itakuwa kimya. Mashine haina kosa hapa, na mwenye seva naye ameandika saa anazozijua. Aliyepungukiwa ni mfasiri.

Huko Karagwe na Kyerwa liko jambo jingine linaloongeza utata. Wakati wa Afrika Mashariki umetangulia ule wa Greenwich kwa saa tatu, na saa tatu hizo ni sawa na longitudo ya nyuzi 45 Mashariki. Kayanga, makao makuu ya Karagwe, iko karibu na nyuzi 31. Kwa kuwa kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua, jua la Kayanga hufika utosini karibu dakika 55 baada ya saa sita mchana. Dar es Salaam huchelewa dakika 23 tu. Basi Karagwe jua huchomoza wastani wa saa moja kasoro dakika 10. Anayetegemea umeme wa jua na kuiamuru seva yake iwake "saa kumi na mbili, jua linapochomoza", kama kitabu kilichoandikwa pwani kinavyoweza kumshauri, ataikuta inakula akiba ya betri gizani.

Aidha, ng'ambo ya Mto Kagera iko Rwanda, ambayo hufuata wakati ulio nyuma ya wetu kwa saa moja, na ng'ambo nyingine iko Uganda, inayofuata wakati ule ule wa Tanzania. Seva iliyowekewa wakati wa Kigali badala ya Dar es Salaam, ikiamriwa iwake 08:00, itawaka saa tatu asubuhi. Hivyo kitabu kinachosema "chagua wakati wa mahali pako" hakimtoshi msomaji wa mpakani. Yafaa kitaje kwa jina: wakati wa Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya Greenwich.

Sasa tutazame mashine yenyewe. Mwaka 1984 kompyuta ya IBM PC/AT ilitoka ikiwa na saa ndogo ya ndani inayoendeshwa na betri yake, hata umeme ukikatwa haisimami. Saa hiyo ilikuwa na uwezo wa kutoa ishara wakati uliopangwa ukifika. Lakini kompyuta za miaka ile hazikuweza kujikatia umeme. Mtumiaji aliziagiza programu zifungwe, akasubiri maandishi ya kumwambia kwamba sasa ni salama kuzima, ndipo akabonyeza swichi kwa mkono wake. Kulikuwa na matendo mawili, na Kiswahili kilikuwa na vitenzi viwili vya kuyaeleza: kufunga na kuzima.

Mambo yalibadilika mwaka 1995 ulipoanzishwa utaratibu wa ATX, ambao huacha umeme kidogo ukipita hata kompyuta ikiwa imezimwa, ili programu iweze kuiwasha au kuizima. Mwishoni mwa mwaka 1996 ukafuata utaratibu wa ACPI, uliotungwa na Intel, Microsoft na Toshiba, ukazipanga kwa daraja hali za mashine kuanzia kulala hadi kuzimwa kabisa. Toka hapo mtendaji si mkono tena. Mashine hujitendea yenyewe.

Hapa ndipo sarufi yetu inapotufaa kuliko neno lolote la kukopa. Kiswahili kina kiambishi -ji- cha kujitendea na kinyambuo -ik- cha kutendeka. Seva iliyofuata ratiba yake, ikazimaliza programu, ikaandika diskini yote yaliyokuwa katika kumbukumbu ya muda, kisha ikakata umeme, imejizima. Seva iliyokatikiwa na umeme katikati ya kazi imezimika. Tofauti hiyo ya silabi chache ni kubwa katika matokeo, kwa sababu seva iliyozimika huenda ikapoteza faili lililokuwa likiandikwa. Fundi aliyeandikiwa ripoti kwamba "seva ilizima usiku" hawezi kujua aanzie wapi kutafuta.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka hadi Kyaka, na wakazi wake wanajua maana ya taa kuzimika bila taarifa. Seva hupangwa pia iwake yenyewe umeme unaporudi. Huko si kuwaka kwa ratiba, na mfasiri asiite mambo hayo mawili kwa jina moja. Vivyo hivyo, seva iliyolala bado inakula umeme kidogo na huamka. Iliyojizima haiamki, bali hujiwasha.

Limebaki suala la siku. Waswahili wengi huhesabu kwamba usiku hutangulia mchana wake, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Wengine huuita hivyo usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Mashine hubadili siku saa sita usiku. Katibu akiamuru nakala za akiba zifanywe "usiku wa Ijumaa saa nane", huenda zikafanywa saa 24 kabla au baada ya wakati alioukusudia.

Kutokana na hayo tunapendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

1. Kila saa ya ratiba iandikwe mara mbili, kwa Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, kisha kwa tarakimu nne: saa nne usiku (22:00).

2. Itajwe kwamba ni wakati wa Afrika Mashariki. Saa ya ndani ikiwa imewekwa kwa wakati wa Greenwich, kama ilivyo kawaida katika Linux, msomaji aambiwe, la sivyo 08:00 yake yaweza kuwa saa tano asubuhi.

3. Kujiwasha na kujizima vitumike kwa ratiba; kuzimika kwa umeme kukatika; kulala na kuamka kwa hali ya kulala tu.

4. Usiku utajwe kwa siku unayoiamkia: usiku wa kuamkia Ijumaa.

Wasomaji walioko Kayanga, Rubwera na kwingineko, ambao wameshakutana na maneno mengine yanayotumiwa na mafundi wa huko, tunawaomba watuletee, ili nayo yajadiliwe kabla ya istilahi hizi kusanifiwa.