Mhusika Wangu Alivyokataliwa Maganzo

 Nilikuwa Kanda ya Ziwa kikazi na safari ikanishusha Maganzo, ule mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, mlangoni kabisa mwa mgodi wa almasi wa Mwadui. Wengi wetu tunaupita tukiwa ndani ya basi. Unachungulia dirishani, unaona maduka na vijiwe, kabla hujakaa sawa basi limeshapita. Mimi nilishuka, nikalala siku tatu.

Habari niliyotumwa na gazeti niliimaliza siku ya pili. Hii ya leo ni nyingine.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta mhusika wa kuchorwa, wa kukaa juu ya makala zangu binafsi, ili mtu akimwona tu, hata kabla ya kusoma jina, aseme: "Aa, huyu ni yule bwana." Kabla ya safari nilikuwa nimeshampata. Mchimbaji mdogo, kichwa kikubwa kuliko mwili, kofia ngumu, sururu begani, na jino moja linalong'aa kama almasi. Nilijipongeza sana. Nikasema nikifika Maganzo ndiyo kwao, watamshangilia.

Jioni ile nikamwonyesha mzee mmoja, dalali wa almasi wa siku nyingi, tuliyekuwa tumekaa naye kijiweni. Nilimwamkia kwa Kisukuma changu cha kuungaunga, "Mwadila, baba," akacheka, akaitikia, akapokea daftari. Akaligeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza jiwe. Akakaa kimya.

"Ng'wanawane," akasema, "kofia ya namna hii wanavaa walioko ndani ya uzio. Sisi wa nje tunachekecha. Haya, hilo tuliache. Sasa huyu anasemaje?"

Nikamjibu kuwa hasemi kitu, ni nembo tu.

"Basi ni picha ya kwenye mfuko wa saruji."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mzee mwenyewe hakucheka. Akanirudishia daftari na kuniambia kuwa enzi zao gazeti la Uhuru likifika, watu walikuwa wanaanzia kwa Chakubanga, habari za wakubwa baadaye. "Chakubanga alikuwa mtu," akasema. "Tulikuwa tunamngojea."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na kalamu, na nilikuwa nimechora mfuko wa saruji. Nikaanza kujiuliza: hawa wahusika ambao nchi nzima inawakumbuka walizaliwaje?

Tuanzie hapohapo Usukumani, kabla ya magazeti. Wasukuma wana mashindano ya ngoma ambayo kwa kawaida huchezwa baada ya mavuno, pande mbili zikishindana: Wagika na Wagalu. Inasimuliwa kuwa pande hizo zinatokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani mwenye dawa kali zaidi. Kinachonivutia ni namna ya kumpata mshindi. Anayeshinda ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Mnacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanahama huku na kule kwa miguu yao.

Sasa fikiria wewe ni manju na upande wa pili umeanza kujaa. Unafanya nini? Ndipo walipokuja na vituko: wengine walicheza na chatu hai, wengine walileta sanamu za mbao zenye mikono inayochezeshwa kama mtu. Zile sanamu hazikuwa pambo la ukutani. Zilikuwa na kazi ya kufanya mbele ya watu, na kama hazikuifanya, watu waliondoka. Hata leo ukienda makumbusho ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, utakuta historia ya ngoma hizo imehifadhiwa.

Kwa hiyo yule mzee hakuwa ananionea. Alikuwa ananipima kwa kipimo cha kwao: huyu atamhamisha mtu kutoka upande wa pili?

Twende kwa Chakubanga. Alichorwa na Christian Gregory katika Uhuru, gazeti la TANU na baadaye la CCM, kuanzia miaka ile ya mwishoni mwa 1960. Fikiria mazingira. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967. Gazeti ni la chama, na maneno mengi ndani yake ni ya hotuba. Katikati ya hotuba anatokea mtu wa kawaida mwenye shida za kawaida: mke, deni, foleni, ulevi, ujanja wa mjini. Hakuhitaji kupinga siasa ya mtu yeyote. Alikuwepo tu, na kuwepo kwake kulimkumbusha msomaji kuwa kati ya hotuba moja na nyingine kuna binadamu anayetafuta chakula cha jioni.

Lakini fanya jaribio. Waulize watu kumi wenye umri wa wazazi wetu kama wanamjua Chakubanga. Kisha waulize jina la aliyemchora. Mimi nilifanya hivyo pale kijiweni. Chakubanga wote waliokuwa na umri walimjua. Gregory hakutajwa na hata mmoja. Mtoto alikua, baba akasahaulika.

Kundi la pili ni la SANI. Hili ni jarida lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lenyewe ni herufi mbili za mwanzo za kila mmoja, SA na NI. Yaani walijitia wenyewe kwenye kichwa cha jarida, tena bila kujisifu. Ndani yake wakaishi akina Madenge, Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe na Dokta Love Pimbi. Ukiyaangalia majina hayo utaona siri. Ndumilakuwili unamjua kabla hajafungua mdomo, ni yule anayekula huku na huku. Lodi Lofa naye ni bwana mkubwa na mzururaji asiye na kazi ndani ya suruali moja. Tabia iko kwenye jina. Mchoraji akishapata jina kama hilo, nusu ya kazi imekwisha, maana msomaji ana jirani wa namna hiyo.

Mmoja wa wachoraji waliowapa sura watu hawa, Philip Ndunguru, alifariki akiwa bado kijana. Wahusika hawakufa naye. Wachoraji wengine, akiwemo John Kaduma, waliendelea nao, na watoto waliozaliwa baadaye wakawasoma bila kujua kuwa kalamu imebadilika mkono.

Majirani zetu wa Kenya nao walipitia njia hiyo. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi, tangu miaka ya 1950, na wasomaji wa Taifa Leo wakakua na kuzeeka naye. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida zima lililobeba jina la mhusika, Joe, mtu wa kawaida wa Nairobi anayecheka shida zake. Jarida lilisimama hadi mwisho wa miaka ya 1970. Hapo ndipo unaona mhusika anavuka kutoka kuwa kibonzo cha ukurasa wa ndani na kuwa bango la duka.

Anayenigusa zaidi ni Kipanya. Miaka ya 1990, vyama vingi vimeingia, magazeti binafsi yamefumuka kama uyoga, kijana Ali Masoud anachora katika Majira, na baadaye katika Mwananchi. Kwenye michoro yake kuna panya mdogo. Wakubwa wanagawana, wanadanganyana, wanalia mbele ya wapiga kura, na panya yuko pembeni anaona.

Kwa nini panya? Mimi naona hakuna mnyama aliyefaa zaidi. Panya anaishi ndani ya nyumba ya mwenye nyumba bila kualikwa. Anajua kilichomo jikoni na kilichofichwa uvunguni. Ni mdogo kiasi kwamba ukimkamata na kumshitaki unaonekana wewe ndiye kichekesho. Mwandishi wa habari angeomba nini zaidi ya hapo?

Na tofauti na Gregory, Masoud hakuachwa nyuma na mtoto wake. Alilivaa jina. Leo ukisema Ali Masoud, mtu anaweza kukuuliza ni yupi. Ukisema Masoud Kipanya, mjadala umekwisha. Alikwenda nalo redioni, kwenye televisheni, na mwaka 2022 alipozindua gari dogo la umeme, kampuni yake iliitwa Kaypee Motors. Isome kwa sauti: K na P. Panya wa pembeni ya kibonzo amefika hadi kwenye boneti la gari.

Sasa wadau, mtaniuliza haya yote yanahusiana nini na Maganzo, mbali na mzee kunicheka. Yanahusiana sana, kwa sababu Maganzo ni mahali pazuri pa kujifunza thamani ya jina.

Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 likapatikana hapo jiwe la pinki la karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth. Likachongwa hadi karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Likaitwa Almasi ya Williamson. Yeye alifariki mwaka 1958, jina likabaki.

Halafu sikiliza hii. Mwaka 2021 mgodi uleule ulitoa jiwe jingine la pinki, karati 32.32. Likauzwa likiwa ghafi kwa dola milioni 13.8 za Marekani. Likachongwa, likabaki na karati 11.15, na Oktoba 2022 likapigwa mnada na Sotheby's huko Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Jina walilolipa ni Williamson Pink Star. Waliunganisha majina ya mawe mawili mashuhuri, lile la Elizabeth na jingine liitwalo Pink Star lililouzwa mwaka 2017 kwa dola milioni 71.2. Jiwe lilipungua kwa karibu theluthi mbili, bei ikapanda zaidi ya mara nne. Sisemi ni jina peke yake. Kuchonga ni ufundi na kuna hatari yake. Lakini watu wale hawakupoteza usingizi kutafuta jina hilo kwa mapenzi ya ushairi. Jina lina kazi.

Na upande wa nje ya uzio? Wanaoingia eneo la mgodi usiku kutafuta mchanga wa almasi wana jina pia. Wanaitwa wabeshi. Tazama basi: udongo uleule, jiwe lina jina la heshima, na kijana anayelitafuta ana jina ambalo akiitwa mbele ya askari anakimbia. Asiyejipa jina hupewa na wengine, na hupewa lile linalowafaa wao.

Hapo ndipo nilipoona kosa la mchoro wangu. Nilikuwa nimefanya hivyohivyo. Nimetoka Dar es Salaam na kofia yangu ngumu na jino la almasi, nikamvisha mtu wa Maganzo ili anipambie makala.

Siku ya tatu nilichora mwingine. Kijana mwembamba, hana sururu wala kofia, ameshika chekeche. Anakaa kijiweni, anamwaga humo kila anachoambiwa: ahadi, takwimu, tetesi, hotuba. Anatikisa. Kisha anasema kilichobaki juu, na mara nyingi hakibaki kitu. Jina lake Chekeche. Kabla ya kugusa kalamu niliandika kwanza sentensi kumi ambazo angezisema, na saba nikazifuta kwa sababu zilikuwa sauti yangu.

Nimejifunza pia mambo ya karatasi, na nawaambia wenzangu mnaochora. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mchoro wako, lakini jina peke yake halilindwi kwa njia hiyo. Likitumika kibiashara, hilo ni suala la alama ya biashara, na mlango wake ni BRELA. Hifadhi michoro ya mwanzo, andika tarehe, weka sahihi. Ukimchora ukiwa mwajiriwa, soma mkataba kabla hajawa maarufu, maana akishakuwa maarufu kila mtu ni baba yake.

Nilimwonyesha mzee kabla ya kupanda basi. Akaligeuza daftari kwenye mwanga, kama mara ya kwanza.

"Afadhali," akasema. "Huyu angalau anafanya kazi." Akanyamaza kidogo. "Sasa niambie, huyu ni wa kwenu au wa kwetu?"

Basi likapiga honi. Nilimwambia nitakuja kumjibu, na nimepanga kurudi baada ya mavuno. Mpaka hapo Chekeche atakaa kwenye daftari.